Shemeji, Nani Aliitika Jina Lako?

Shemeji Wekesa, mume wa dada yangu,

Ijumaa iliyopita Pasta Mutua aliita jina lako, na mtu akaitika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha chini na kalamu, mimi ambaye hata barua ya kuomba likizo uliniandikia wewe. Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilikaa mikono magotini, macho kwenye zulia, meno nimeyauma kama mtu anayesubiri sindano. Pasta akasema, "Wekesa." Sauti ikasema, "Yupo, nimemsikia." Pasta akatia alama kwenye daftari, akaendelea na jina lililofuata.

Barua hii ni yako, lakini nataka Pasta aisome mbele ya wenzetu wote. Kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua. Na ukinisikia nikijitukana, niache nijitukane.

Unakumbuka siku uliyotua Riyadh? Wakati ule nusu ya vijana wa kwetu Bungoma walikuwa kwenye foleni za mawakala Nairobi, wakipimwa damu na kuchukuliwa alama za vidole, na mimi nilikuwa nikikupigia simu kila Jumapili nikikusumbua uje. "Huku ni kuendesha tu, Shem. Barabara zimenyooka mpaka unasinzia." Nanjala hakutaka. Alikwambia ukienda, usimletee runinga wala simu kubwa, umletee miguu yako miwili ikiwa mizima. Halafu, kwa kuwa dada yangu hajui kukasirika bila kumpa mtu chakula, akakufungia ndani ya nguo ule mwiko mrefu aliouchonga marehemu babu yetu. Afisa wa forodha akauinua juu akitaka kujua ni silaha gani. Ukamwonyesha kwa vitendo jinsi ya kusonga ugali, ukizungusha na kiuno pia, mpaka foleni nzima ya Wapakistani ikacheka. Nilikuwa nje na gari la madam, mwajiri wangu, nikikusubiri. Ulipotokea mlangoni na huo mwiko mkononi nilisema, woi, mume wa Nanjala amekuja kupigana.

Nilisema hivyo kwa mzaha. Siku hizi najikuta nikiliogopa neno langu mwenyewe.

Ile desturi ya kuita majina uliikuta, lakini hukuikuta na sababu yake, na sijui kama kuna aliyewahi kukueleza. Kabla hujaja, mwenzetu mmoja alikamatwa na shurta, polisi wa huku, kwa ajili ya ikama, kibali cha kuishi, iliyokwisha muda. Kila mmoja wetu alidhani yuko kazini kwa kafili wake, bwana anayemdhamini. Alikaa kizuizini mpaka ndevu zikafika kifuani, na tulijua siku ile anapandishwa ndege kurudishwa nyumbani. Pasta Mutua alilia kama mtoto. Unajua yule si pasta wa chuo chochote, ni mlinzi wa duka la mazulia kule Al-Dirah, lakini siku ile alitufokea kuliko askofu. Ijumaa iliyofuata akaja na daftari la shule lenye mistari, na tangu hapo hakuna aliyeketi katika kile chumba chetu cha maombi, Malaz, bila kuitwa jina.

Tunakutana asubuhi, wenye nyumba wetu wakiwa bado wamelala. Tunatia viatu ndani ya mashine ya kufulia ipige kelele, ili majirani wasisikie nyimbo zetu. Tukimaliza kuomba, mashine inazimwa na daftari linafunguliwa. Aliyepo anasema, "Nipo." Aliye safarini anaitikiwa na ndugu yake, kwa sharti moja tu: awe ameisikia sauti yake wiki hiyo. Ndiyo maana maneno ni yale yale, "Yupo, nimemsikia." Asipopatikana wa kuitika, kila mtu anatoka mlangoni na jina lile. Madereva wanauliza barabarani, walinzi wanauliza malangoni, wanaosafisha hospitali wanauliza kitanda kwa kitanda, Pasta anakwenda ubalozini. Tumewapata watu ambao waajiri wao walishasema halas, mafi, yaani basi, hayupo.

Wewe uliipenda desturi ile kuliko mahubiri yenyewe. Pasta akikuita ulikuwa ukisema, "Nipo, na nina njaa," na yeye anajifanya amekasirika, na wote tunacheka kwa sababu tunajua ugali uko tayari jikoni na aliyeusonga ni wewe.

Halafu kampuni yenu ikawaambia madereva wa magari ya friza kwamba kuna kazi kusini. Ulikuwa umezoea njia ya Riyadh na Jeddah, kuku waliogandishwa kwenda, samaki kurudi. Sasa mlitakiwa mwende Jizan, mvuke mpaka, mshuke na ile pwani ya Yemeni ambako jeshi lilikuwa linasukuma mbele. Nilikukuta Ruwais, kwenye kile chumba chenu cha Jeddah kinachonuka bahari na soksi, ukipanga begi.

"Kataa," nilikwambia.

"Nikatae vipi, na ikama iko kwao? Ni kuku tu, Shem. Hata askari hula kuku."

Mimi ndiye niliyepaswa kukukatalia kwa nguvu. Badala yake nikakusaidia kufunga zipu ya begi, maana lilikuwa limejaa mno na huo mwiko ulikuwa umetokeza upande mmoja.

Tangu hapo nilianza kuitazama runinga ya duka analolinda Pasta Mutua, mimi ambaye habari za vita nilizoea kuzipita nikitafuta mpira. Ramani ilikuwa ni mstari wa pwani tu, na majina ya miji yakishuka kama vifungo vya kanzu. Upande wenu, kaskazini, ilikuwa Midi, ambayo walisema imechukuliwa, kisha wakasema inapiganiwa nyumba kwa nyumba, kisha wakasema tena imechukuliwa. Baadaye wakavisukuma vita kuelekea Hairan. Kule kusini wengine walikuwa wanapanda kutoka Mokha na Khokha, wakiitafuta bandari ya Hudaida. Mtangazaji aliyasema yote kwa sauti moja, kama anayesoma ratiba ya mabasi. Kumbe mimi vita vile nilikuwa nikivisikia kutoka kwako, nikiwa nimeegesha gari nje ya duka la vitambaa nikimngoja madam.

Sauti zako ulizojirekodi zilikuja kwenye simu yangu mkiwa njiani kurudi, kila mtandao uliposhika. Nimezihifadhi zote. Katika ya kwanza ulikuwa bado Wekesa ninayemjua. Ulisema bahari iko mkono wa kulia ukienda na wa kushoto ukirudi, kwa hiyo hata mlevi hawezi kupotea. Ulisema njia salama imewekewa mawe meupe kandokando, na nje ya mawe hayo hakuna anayekanyaga, kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Ulisema mitende haina vichwa.

Katika ya tatu au ya nne ulinieleza jinsi madereva mlivyojua vita kabla ya mtangazaji. "Wakinipa maji, Shem, kesho kuna mapigano, kwa sababu mtu anayepigana hali, anakunywa tu. Wakinipa kuku, ni wiki ya kungoja. Lakini wakiniambia niende mtupu, na friza niiwashe hukohuko njiani, hiyo ndiyo wiki mbaya." Sikuelewa. Nikakupigia papo hapo, nikakuuliza uende mtupu kufanya nini. Nikasikia ile friza yako ikinguruma nyuma yako. "Kurudi," ukasema. "Mimi naenda mtupu ili nirudi na mzigo. Usimwambie Nanjala."

Sikumwambia. Hapo ndipo nilipoanza kuwa hodari wa kutomwambia Nanjala mambo.

Sauti iliyofuata ndiyo iliyonifanya nikugombeze. Ulisema umeanza kuwaita. Nikakupigia kukuuliza unawaita akina nani.

"Hawa ninaowabeba. Kabla sijafunga mlango, na kila tukisimama njiani, nagonga kwenye bodi kwa mwiko mara tatu, nauliza, kuna mtu?"

"Wewe Wekesa, umerukwa na akili? Utawauliza maiti?"

"Majina yao siyajui, la sivyo ningeita jina kwa jina. Pasta alitufundisha nini? Huwezi kufunga bila kuita. Wanawapakia haraka haraka, Shem, gizani mwa hema la madaktari, yalla yalla, hakuna anayeangalia mara mbili. Mimi nikifunga mlango huo bila kuuliza, silali."

Nilikwambia uache upuuzi huo. Nilikwambia utaita usichokitaka kije. Nakiri leo mbele ya watu kwamba nilisema hivyo, na kwamba nilikata simu nikiwa na hasira.

Kisha ikaja ile ya mwisho. Ilifika Jumatano mchana, nikiwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, jua limepiga kioo mpaka huoni mbele. Ni fupi. Hukunisalimia. Kuna ngurumo ya friza. Kuna mlio wa mwiko, ko, ko, ko. Kuna sauti yako, taratibu, kama unavyomwamsha mtoto, "Kuna mtu?" Halafu friza. Halafu, kutoka ndani, ko.

Mara moja tu. Halafu sauti inakatika.

Nimeisikiliza mpaka siwezi tena kujua ninachosikia. Nilijiambia ni injini. Nilijiambia ni chuma kinachojikunja kwa baridi, maana vyuma hufanya hivyo. Ijumaa ile nikaitika, "Yupo, nimemsikia," na haukuwa uongo, kwa kuwa sauti yako nilikuwa nimeisikia wiki hiyo.

Wiki iliyofuata simu yako haikupatikana. Nikapiga mpaka betri ikafa. Ijumaa ikafika, jina lako likaitwa, na hapa ndipo penyewe, Shemeji. Nilifungua mdomo kusema sijamsikia. Nikaona nyuso za wale wanaume wakinigeukia. Nikamwona Nanjala kama yuko pale mlangoni na leso yake. Nikasema, "Yupo, nimemsikia."

Ijumaa tano. Ijumaa tano nimekuitikia, na kila usiku wa Ijumaa nilimpigia dada yangu nikamwambia mtandao wa kule ni mbaya lakini yuko sawa, anakusalimu. Unajua nilikuwa nafikiri nini? Nilifikiri maadamu jina lako linaitikiwa, wewe upo. Kwamba nikinyamaza tu, nitakuwa nimekuua kwa mdomo wangu. Ndiyo akili yangu hiyo. Na kwa kuwa jina liliitikiwa, hakuna aliyetoka mlangoni nalo. Hakuna dereva aliyeuliza, hakuna mlinzi, hakuna msafishaji. Pasta hakwenda ubalozini. Daftari lilisema upo.

Baada ya Ijumaa hiyo ya tano madam na mumewe walikwenda Umra. Niliwafikisha Jeddah, wakaendelea Makka na dereva Mwislamu, kama ilivyo kawaida, na mimi nikabaki na siku nzima. Nikaenda Ruwais. Ukungu wa joto ulikuwa umeziba bahari, huoni maji, unasikia tu yanakoroga mawe. Nikagonga chumba chenu, na aliyenifungulia alikuwa yule Haji wa Unguja, dereva wa lori la maji, ambaye ulikuwa ukimwiga anavyoongea. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri, na amechoka kunisubiri.

"Wewe ndo shemegi yake," akasema. "Mbona umekawia hivi, ndugu yangu?"

Aliniketisha juu ya kitanda chako. Kilikuwa kimetandikwa. Alinimiminia chai, akanieleza bila kuniangalia.

"Mie n'likuwa nyuma yake siku ile. Tunarudi, bahari kushoto. Mara gari lake likasimama, pahala ambapo hapasimamwi hata kidogo, mawe meupe pande zote mbili. Askari wa msafara wanapiga kelele, yalla, yalla. Yeye kashuka na ule mwiko wake. Kagonga. Kaweka sikio kwenye bodi. Kagonga tena. Wallahi n'kamwona kafungua mlango wa nyuma, kaingia, katoka na mtu begani."

"Mtu gani?"

"Mtu hai! Walimpakia naye yu hai, damu imemganda, hawakumtazama. N'liona mkono wake unashika shati la Wekesa. Basi kageuza gari amrejeshe kwenye hema la madaktari. Msafara haukungoja, na mie askari akanipigia bodi niende, nikenda. Nilimtazama kwenye kioo mpaka njia ikapinda."

Kesho yake walilikuta gari, Haji alisema. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamezama mchangani pale ulipogeuza. Injini inanguruma. Friza inanguruma. Milango ya nyuma imefungwa vizuri, na ndani waliolala wamelala, wamepungua mmoja. Kwenye kiti chako kulikuwa na mwiko. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, zimezama sana, kama za mtu aliyebeba mwingine, zimepita katikati ya mawe meupe zikielekea kusini mpaka kwenye ile ardhi ngumu ya chumvi. Hapo hapashiki nyayo. Kampuni imekuandika mtoro.

Nilidhani amemaliza. Nikainuka. Akanishika mkono.

"Keti. Wiki ileile nilikwenda hospitali ya Jizan kumpelekea mwenzetu nguo. Kulikuwa na majeruhi mmoja wa Kiyemeni, hana mtu. Wauguzi walikuwa wakimcheka na kumwogopa. Usiku na mchana anagonga chuma cha kitanda mara tatu, anasema maneno wasiyoyajua. Nikasogea. Alikuwa akisema, 'Kuna mtu? Kuna mtu?' Kiswahili, ndugu yangu! Mwarabu wa Tihama, wa ile pwani ya Yemeni! Nikamuuliza kwa Kiarabu, nani kakufunza maneno haya? Akaniambia, 'Aliyenibeba.' Nikamuuliza yuko wapi. Akaanza kunieleza, daktari akaja akanitoa."

"Na ukarudi?"

"N'lirejea baada ya siku tatu. Wameshawahamisha. Wengine Riyadh, wengine Jeddah, wengine kwao. Mie jina lake sikulijua. Nilisema moyoni, wale Wakenya wenziwe wana daftari lao, Wekesa kanihadithia, watakuja tu kumtafuta. Watakuja wiki hii. Nikakungoja."

Shemeji, nimepigwa maishani, na baba yako unajua alivyonikimbiza na rungu wakati wa ile posa. Hakuna kilichowahi kunipiga kama neno hilo, nikakungoja. Yuko mtu mmoja duniani anayejua uliishia wapi. Alikuwa kwenye kitanda kinachojulikana, na wanaume wanaosafisha hospitali wanaimba nami kila Ijumaa. Wangempata kwa siku moja. Lakini mimi nilikuwa nimekaa Malaz nikisema nimekusikia.

Haji alinipa mwiko. Umepasuka nchani. Niliuweka kwenye kiti cha mbele cha gari la madam, na njia nzima ya kurudi Riyadh sikufungulia redio.

Kwa hiyo uelewe nilivyoingia pale Ijumaa iliyopita. Niliingia nimeshaamua. Nilijua baada ya kimya Pasta atauliza, nami nitasimama nieleze. Mashine ikazimwa. Jina likaitwa. Na ile sauti ikaitika.

Tulipomaliza nilimshika Pasta kanzu. "Nani aliitika kwa jina la Wekesa?"

Akanitazama juu ya miwani. "Simiyu, unaumwa?"

"Nauliza, nani?"

"Si ni wewe? Kwani ni nani huwa anaitika?"

Nikawageukia wengine. Wote wakasema ni mimi. Mmoja akasema sauti ni yangu kabisa, ila ilikuwa kama inatoka mbali, akafikiri nina mafua. Aliyekuwa ameketi ubavuni mwangu akakuna kichwa. "Kusema kweli sikuona mdomo wako ukisogea," akasema. "Lakini maze, nani huangalia midomo ya watu kanisani?" Wakacheka. Simu ikalia, madam anataka kwenda kwa dada yake, nikatoka pale mbio kama mwizi, na viatu vyangu nimevisahau ndani ya mashine.

Sijui ni nini kilichoitika. Labda ni mimi. Labda uongo ukiuzoea mdomo hujisemea wenyewe bila kukuomba ruhusa. Labda ni mwenzetu mmoja aliyenionea huruma. Na kuna labda nyingine ambayo siwezi kuiandika mchana nikiwa peke yangu humu garini. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ya sita imepita ukiwa na alama daftarini, na yule mtu wa Tihama yuko mahali fulani anagonga kitanda.

Jana nilimpigia Nanjala. Nilimweleza yote, tangu friza mpaka mwiko. Sikuruka kitu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Kila ukiniletea salamu zake, Simiyu, hukuwahi kuniambia amekula nini. Wekesa hajawahi kuongea na mtu yeyote bila kutaja chakula." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na mhudumu wa Kibangali wa maegesho akaja kunigongea kioo akidhani nimezidiwa na joto. Dada yangu akapenga kamasi. Unajua sauti yake ikikauka. "Sasa sikiliza. Wewe ulimwita huko, wewe utamtafuta. Usiniletee rambirambi. Mtafute huyo aliyebebwa, umuulize mume wangu alikwenda wapi. Na ukikuta ni kaburi, unipigie uniambie ni kaburi. Usiniambie tena ati mtandao."

Nimemwahidi. Na kwa sababu mdomo wangu siuamini tena, nimefanya mpango.

Kesho ni Ijumaa. Barua hii nitaifunga kwenye bahasha nimpe Pasta kabla mashine haijazimwa. Nitamwambia aiweke juu ya daftari, aifungue akifika kwa jina lako na pasiwe na wa kuitika. Akishaisoma, kila aliyepo atajua la kufanya. Ni mtu wa Tihama, majeruhi, anagonga mara tatu na kusema Kiswahili. Waanze na hospitali za Riyadh, na wenzetu wa Jeddah waanze kwao. Kama kuna wa kunitukana, anitukane jioni, mchana tuna kazi.

Nami kabla ya jina la kwanza kuitwa nitakwenda jikoni nijaze maji mdomoni. Nitaketi katikati ya chumba, mashavu yamevimba, kila mtu anione. Nikiguna nitalowa. Nikisema neno nitalowesha zulia la watu. Wataniona mjinga, haidhuru, lakini hakuna atakayesema tena kwamba ni mimi.

Jina lako likiitwa na kukawa kimya, basi bahasha itafunguliwa na tutakutafuta, Shemeji, mpaka tujue. Likiitwa, na ile sauti ikasema tena, "Yupo, nimemsikia," nitakuwa nimeshamwambia Pasta asiifuate. Huyo si wewe. Hayo ni maneno yangu, na afungue bahasha vilevile.

Lakini kama ni wewe, kama uko nyuma ya mlango ule na umechoka kwa njia, itika kwa maneno yako mwenyewe. Mwiko nimeuosha, uko jikoni karibu na sufuria. Sema una njaa, nami nitameza maji na kuja kukufungulia.

Kaka yake Nanjala, shemeji yako aliyekuitikia uongo,
Simiyu